Nani Kapigwa? Historia ya Peintiboli na Waamuzi Wake

Bunduki ya kwanza ya peintiboli ilikuwa chombo cha kazi cha watu wa misitu. Kabla ya miti kukatwa, mtu wa misitu wa Marekani hupita akiichagua na kuiwekea alama ya rangi ile itakayoangushwa. Mti ulio ng'ambo ya kijito au nyuma ya vichaka vya miiba ulimlazimu aufuate kwa miguu na kopo lake mkononi. Kampuni ya Nelson Paint, iliyoanzishwa mwaka 1940 na kuwa na makao Iron Mountain, jimbo la Michigan, ndiyo iliyouza rangi hiyo, na katika miaka ya 1960 ikatafuta njia ya kuirusha kutoka mbali. Crosman, watengenezaji wa bunduki za hewa, walitoa bastola ya kwanza ya kurushia rangi, lakini haikupata wanunuzi wa kutosha. Kampuni nyingine ya bunduki za hewa, Daisy, ikaipokea kazi hiyo, na James Hale wa Daisy akabuni bastola iliyokuja kujulikana kama Nelspot 007.

Risasi yake ilitoka katika ufundi wa dawa. Rangi ilifungwa ndani ya kidonge cha jelatini, kwa njia ileile inayotumika kufunga mafuta ya samaki na vitamini, chenye kipenyo cha inchi 0.68, yaani takriban milimita 17. Kipimo hicho bado ndicho cha kawaida hadi leo. Bastola iliendeshwa na kichupa cha gramu 12 cha gesi ya kaboni dioksidi. Mpigaji aliikoki kwa mkono kila mara, akaiinamisha ili kidonge kingine kiteleze hadi mahali pake, ndipo alenge tena. Wafugaji nao waliona faida yake, kwa kuwa ng'ombe wa kutengwa na kundi angeweza kutiwa alama bila kukamatwa. Kwa vile alama ya mti ilipaswa kuvumilia mvua, rangi ilikuwa ya mafuta, na aliyeipata nguoni hakuweza kuitoa bila tapentaini.

Kilichoigeuza zana hii kuwa kifaa cha mchezo ni ubishi wa marafiki. Charles Gaines, mwandishi aliyeishi New Hampshire, alikuwa amerudi kutoka Afrika alikokwenda kuwinda mbogo, naye akamsimulia rafiki yake Hayes Noel, dalali wa hisa wa New York, jinsi damu inavyochemka mtu anapomkabili mnyama yule. Mazungumzo yaliwapeleka kwenye swali jingine: silika ya kujiokoa hutoka wapi? Noel alidai kwamba mtu aliyezoea kukabana na wenzake katika masoko ya fedha angejiokoa hata porini. Gaines alishikilia kwamba msitu humtii aliyelelewa nao. Walikuwa wanaijua pia hadithi fupi ya Richard Connell ya mwaka 1924 kuhusu mwindaji anayewinda binadamu. Hoja zao zilikosa kipimo hadi rafiki yao George Butler alipoiona Nelspot katika katalogi ya vifaa vya kilimo. Pamoja na Bob Gurnsey, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo, wakaanza kutunga kanuni.

Tarehe 27 Juni 1981, wanaume 12 waliingia msituni karibu na mji mdogo wa Henniker, New Hampshire, kila mmoja akiwa amechangia dola 175. Hapakuwa na timu. Msituni kulikuwa na vituo vinne vya bendera, kila kituo na rangi yake, na mshindi angekuwa yule atakayekusanya bendera moja ya kila rangi na kutoka bila kupigwa. Mshindi alikuwa Ritchie White, mtu wa misitu wa palepale New Hampshire. Alipita kimyakimya kutoka kituo hadi kituo, akamaliza mchezo bila kufyatua hata kidonge kimoja. Mchezo mmoja hauwezi kumaliza ubishi mkubwa hivyo, lakini siku ile Gaines alikuwa na sababu ya kutabasamu. Kwa mtu anayedhani leo kwamba peintiboli ni mashindano ya kumwaga rangi nyingi, ushindi huo una la kumwambia: mchezo ulizaliwa kama mtihani wa kujificha na kutembea vizuri, na bunduki ilikuwa kitisho kuliko silaha.

Siku ile swali la nani kapigwa halikuwa na uzito mkubwa. Walioingia msituni walikuwa marafiki na watu walioalikwa, vidonge vilikuwa vichache, na rangi ya mafuta ilikaa nguoni kama ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuuficha. Aliyepigwa alionekana. Mengi yanayofanywa na mwamuzi wa peintiboli leo yalikuja baadaye, kila jambo kwa sababu yake, na sehemu kubwa ya sababu hizo ni maendeleo ya vifaa vyenyewe.

Mwandishi Robert F. Jones wa jarida la Sports Illustrated alikuwa mmoja wa wale 12, na makala yake ilipochapishwa mwaka uleule, watu wengi walitaka kujua wanawezaje kucheza. Gaines, Noel na Gurnsey wakaanzisha kampuni ya National Survival Game. Mwenye shamba lenye msitu aliweza kununua kwao bunduki, rangi na kanuni, kisha akawatoza wageni kiingilio. Gurnsey ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu wa shughuli hiyo, hata ikawa yake zaidi kuliko ya wenzake wawili. Kuanzia mwaka 1982 viwanja vya biashara vilifunguliwa, na mchezo wenyewe ukabadilika umbo, kwa sababu watu walikuja kwa makundi: wafanyakazi wenza, ndugu, wanafunzi. Mchezo wa kila mtu peke yake ukaachia nafasi mchezo wa timu mbili, kila moja na bendera kambini kwake, na lengo likawa kuichukua bendera ya wapinzani na kuileta nyumbani. Mwaka 1983 yalifanyika mashindano ya kwanza ya kitaifa yenye zawadi za fedha, na ubingwa ukachukuliwa na timu ya Kanada iliyoitwa Unknown Rebels.

Fedha na wageni ndivyo vilivyomleta mwamuzi. Watu wasiofahamiana walihitaji maana moja ya kupigwa, na maana iliyokubalika ni ile ambayo kila mgeni huambiwa hadi leo kabla ya kuingia uwanjani. Mchezaji hutoka iwapo kidonge kimempasukia mwilini, kwenye nguo au kwenye kifaa alichobeba, bunduki yake ikiwemo. Kidonge kilichogonga na kuruka bila kupasuka hakimtoi, hata kikiuma vipi. Rangi iliyomrukia baada ya kidonge kupasukia mtini au kwenye ukuta haihesabiki. Ili kutofautisha alama ya kidonge na matone ya kurukiwa, viwanja vya Marekani vilichukua kipimo kilichokuwa mfukoni mwa kila mtu, sarafu ya robo dola: doa zima la ukubwa huo ni pigo, na vitone vilivyotawanyika si pigo. Aliyepigwa huinua mkono au bunduki juu, hutamka kwamba ametoka, na huondoka uwanjani bila kuwaambia wenzake alichokiona.

Hapo ndipo rangi yenyewe ilipoleta mashaka. Katikati ya miaka ya 1980 watengenezaji wa vidonge waliacha mafuta na kutumia rangi inayoyeyuka kwenye maji, iliyochanganywa na polietilini glikoli. Kwa biashara ya viwanja yalikuwa mageuzi ya lazima, kwani familia haiwezi kurudi nyumbani ikinuka tapentaini, na mwenye msitu hataki miti yake ibaki na madoa ya miaka. Lakini rangi inayotoka kwa sabuni hutoka pia kwa kiganja cha mkono. Mchezaji aliyejibanza nyuma ya gogo sasa aliweza kuufuta ushahidi kabla yeyote hajamfikia, na hila hiyo ya kujifuta ikawa kosa kubwa kuliko yote katika peintiboli. Inawezekana kusema kwamba mwamuzi wa kisasa ni mtoto wa rangi ya maji. Rangi ya mafuta ilijisemea yenyewe. Ile ya maji ilihitaji mtu wa kusimama karibu na kuiona kabla haijapotea.

Adhabu zilikua sambamba na kosa. Mwanzoni aliyejifuta alitolewa tu, adhabu isiyomtisha yeyote, kwa kuwa angetoka vilevile kama angekiri. Ligi za mashindano zikabuni hesabu yenye meno: aliyeendelea kucheza akiwa na rangi mwilini hutolewa pamoja na mwenzake mmoja, na aliyejifuta kwa makusudi hugharimu timu yake wachezaji kadhaa kwa mpigo. Hila ya mmoja ikawa hasara ya wote, na nahodha akapata sababu ya kuwadhibiti watu wake mwenyewe.

Ukaguzi nao ulipata utaratibu wake. Mchezaji anayehisi amepigwa mgongoni, mahali asipoweza kujiona, humwita mwamuzi amkague. Mpinzani anayeamini kidonge chake kimepasuka anaweza pia kuomba aliyemlenga akaguliwe. Katika michezo ya burudani mwamuzi humtangaza anayekaguliwa kuwa nje ya mchezo kwa muda. Hapigwi na hapigi mpaka uamuzi utoke. Katika mashindano huruma hiyo imepungua: mwamuzi hukimbia hadi alipo mchezaji, humkagua vidonge vikiendelea kupita, na mchezo hausimami. Kwa hiyo mwamuzi wa peintiboli hupigwa sana, pengine kuliko mchezaji. Fulana yake ya rangi kali au ya mistari humtambulisha, lakini haimkingi.

Sura nzito zaidi katika historia hii ni ya macho. Wachezaji wa mwanzo walivaa miwani ya kinga ya aina inayovaliwa na mafundi karakanani, ambayo haikutengenezwa kuhimili kidonge cha inchi 0.68 wala kukaa usoni pa mtu anayetambaa vichakani. Ilipata ukungu, na aliyepata ukungu aliivua ili aifute. Kidonge hicho ni kidogo kiasi cha kuingia kwenye tundu la jicho, kwa hiyo mfupa wa paji na wa shavu haukingi kitu, na nguvu yote huishia kwenye mboni. Mwaka 1985 madaktari wa macho wa Kanada, Michael Easterbrook na Tom Pashby, waliandika katika jarida la kitabibu la nchi hiyo kuhusu majeraha ya macho yatokanayo na michezo hii ya vita. Pashby alikuwa tayari anajulikana kwa kupigania kinga za uso katika magongo ya barafuni. Kinga ziliboreka kwa hatua. Miwani ya waendesha pikipiki za matope iliazimwa kwanza, kisha ikaongezewa kifuniko cha mdomo na masikio, na mwishowe ikazaliwa barakoa nzima ya peintiboli yenye kioo cha tabaka mbili kisichoshika ukungu kwa urahisi. Shirika la viwango la ASTM la Marekani liliweka kiwango maalumu cha kinga hizo, F1776.

Kutokana na majeraha hayo kanuni moja ikawekwa juu ya nyingine zote: barakoa haivuliwi uwanjani kwa sababu yoyote ile. Ikimdondoka mchezaji, hulala kifudifudi na kufunika uso kwa mikono, na mwamuzi aliye karibu husimamisha mchezo na kumkinga kwa mwili wake. Nje ya uwanja kila mtutu hufunikwa. Zamani ilitumika kizibo cha plastiki kilichochomekwa mdomoni mwa mtutu, lakini kidonge kikifyatuliwa kwa bahati mbaya kiliweza kukirusha kizibo hicho. Soksi ya kitambaa kigumu inayofungwa kwa kamba imechukua nafasi yake. Mgeni anayeona mwamuzi akimfokea mtu kwa kuinua tu barakoa akajipangusa jasho huweza kudhani ni ukali wa bure. Kwa kweli hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Kuamua nani kapigwa huja baadaye.

Swali linaloulizwa kuliko yote na wageni ni kama kidonge kinauma. Kinauma, na kiasi cha maumivu kinategemea kasi. Kidonge kina uzito wa takriban gramu 3, na kasi ya juu inayokubalika ni futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 91. Katika kasi hiyo hubeba nguvu ya takriban jouli 12, inayotosha kuifanya ngozi iliyo wazi ivilie damu, ingawa koti zito huipunguza sana. Viwanja vingi vya kukodisha huweka kikomo chini ya hapo, na kwa watoto siku hizi hutumika vidonge vidogo zaidi. Kuna pia kanuni ya kusalimu amri: anayemfikia mpinzani kwa karibu sana humtaka ajitoe badala ya kumpiga. Ligi za mashindano hazikuipenda kanuni hiyo, ila viwanja vya burudani vimeishikilia.

Kikomo cha kasi kingekuwa jambo rahisi kama si tabia ya gesi. Kaboni dioksidi hukaa kwenye mtungi ikiwa kimiminika na hugeuka gesi inapotoka, na shinikizo lake hupanda na kushuka pamoja na joto. Bunduki iliyopimwa asubuhi yenye baridi ikakutwa iko sawa, adhuhuri huweza kurusha vidonge kwa kasi inayovuka kikomo bila mwenyewe kuigusa. Kwa sababu hiyo waamuzi walilazimika kupima mara kwa mara, kwanza kwenye meza karibu na lango, baadaye kwa vifaa vya rada walivyobeba mkononi hadi uwanjani kwenyewe. Katika miaka ya 1990 mitungi ya hewa iliyoshindiliwa, yenye kidhibiti cha shinikizo, ilianza kuchukua nafasi ya kaboni dioksidi. Kasi ikatulia, lakini kipimo hakikuachwa, kwa sababu bado kuna skrubu inayoweza kukazwa na mtu mwenye nia mbaya.

Bunduki zenyewe zilikuwa zinakimbia. Nelspot ilitoa kidonge kimoja kwa kila kukoki, ikiwa na mrija wa vidonge 10. Ndani ya miaka michache zikaja bunduki za kusukuma kwa mkono zenye chombo cha plastiki juu yake kilichobeba vidonge vingi na mtungi mkubwa badala ya kichupa. Familia ya Tippmann ya Fort Wayne, Indiana, iliyokuwa ikitengeneza nakala ndogo za bunduki za rashasha, iliingia katika soko hilo na kuleta SMG-60, iliyoweza kufyatua mfululizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bunduki za kufyatua kila kifyatulio kikivutwa, kama Automag ya Tom Kaye na Autococker ya Bud Orr, zilitawala mashindano. Mwishoni mwa muongo huo kifyatulio kikawa swichi ya umeme, katika bunduki kama Shocker ya Smart Parts na Angel ya kampuni ya Uingereza ya WDP.

Umeme ulimshinda mwamuzi. Kanuni ilisema mvuto mmoja, kidonge kimoja, na kwa bunduki ya chuma tupu jicho na sikio vilitosha kuisimamia. Bunduki yenye kompyuta ndogo tumboni huweza kuagizwa iongeze vidonge mchezaji anapovuta haraka, kisha ijifanye ya kawaida inapokaguliwa mezani. Mashtaka yakawa mengi na ushahidi haupatikani. Ligi kubwa ya Marekani ya wakati huo, PSP, ilichukua njia ambayo wengine waliiona ni kushindwa: ikahalalisha nyongeza hiyo na kuweka kikomo cha vidonge 15 kwa sekunde, kwa sababu idadi hupimika kwa mashine, ilhali nia haipimiki. Baadaye kikomo kilishushwa hadi karibu 10, na wanunuzi wa vidonge hawakulalamika. Uamuzi ule ulikuwa wa busara: kanuni isiyoweza kusimamiwa humwadhibu mwaminifu peke yake.

Uwanja nao ulibadilika kwa ajili ya watazamaji na waamuzi. Msituni mtu hawezi kuangalia mchezo, na mwamuzi mmoja huweza kumfuata mchezaji mmoja au wawili tu. Katika miaka ya 1980 Dennis Bukowski, mwenye uwanja wa Sat Cong Village huko California, alijenga eneo dogo la wazi lenye vizuizi, akauita mchezo wake spidiboli. Katikati ya miaka ya 1990 Mfaransa Laurent Hamet alileta vizuizi vya kujazwa hewa vya Sup'Air. Sasa uwanja wa pande mbili zinazofanana kabisa uliweza kusimamishwa asubuhi kwenye nyasi za mpira na kufungwa jioni. Watazamaji waliona kila kitu, hila zikiwemo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Richmond Italia wa Kanada alianzisha mtindo wa eksiboli, wenye wachezaji watano kila upande, raundi nyingi za haraka katika mechi moja, na sanduku la adhabu alikokaa mkosaji kwa dakika kadhaa timu yake ikiwa pungufu. Asili ya sanduku hilo haijifichi: limetoka kwenye magongo ya barafuni, mchezo unaopendwa mno Kanada. Alama za zamani zilizogawanywa kati ya waliotolewa, aliyegusa bendera kwanza na aliyeifikisha, zikafupishwa kuwa alama moja kwa kila raundi. Waamuzi waligawanywa kwa maeneo, wengine wakifuata wachezaji wa mbele, wengine wakilinda kambi, na mwamuzi mkuu akisikiliza wote. Katika mashindano ya awali kazi hiyo mara nyingi ilifanywa kwa zamu na timu zenyewe, na mwamuzi wa leo alikuwa mpinzani wa kesho. Ligi zilipokua zikaajiri waamuzi wao, na manung'uniko ya upendeleo yakapungua ingawa hayakwisha.

Nje ya Amerika ya Kaskazini mchezo ulikutana na sheria za silaha kabla ya kukutana na wachezaji. Nchi kadhaa zilijiuliza kama chombo kinachorusha rangi ni bunduki, na majibu yakatofautiana, baadhi zikidai leseni na nyingine kuweka umri wa chini. Ujerumani, baada ya mauaji ya shuleni huko Winnenden mwezi Machi 2009, serikali ya muungano ilipendekeza kuupiga marufuku mchezo huo, kisha ikaliondoa pendekezo hilo. Afrika Mashariki umeingia kwa mlango wa burudani. Viwanja vya Nairobi hupokea zaidi makundi ya wafanyakazi wanaopelekwa na kampuni zao wakazoeane, pamoja na sherehe za vijana. Huko mwamuzi ndiye mwalimu pia. Ndiye anayegawa barakoa, anayepima kasi ya bunduki za kukodi, anayeeleza kwamba kidonge kisichopasuka hakihesabiki, na anayemwambia meneja aliyetoka kupigwa rangi kifuani na mfanyakazi wake ainue mkono na kutoka.